Bukavu: Programu inataka somo lianzie kwenye maisha ya mtoto, lakini darasani bado ni kunakili

Mtoto wa Bukavu anauliza maswali yanayoweza kumnyamazisha hata mtu mwenye diploma. "Papa, maji ya Ruzizi inatokaka mu ziwa kila siku, juu ya nini ziwa haiishake?" "Mama, juu ya nini sambaza inakuyaka ku taa?" "Juu ya nini mlango yetu ilikuwa inafungaka muzuri na leo inakataa?" Asubuhi mtoto huyo huyo anavaa bluu na nyeupe, anapanda ngazi za Kadutu au anashuka kuelekea Nyawera, anaingia darasani, na hapo hakuna mtu anayetaja ziwa, taa wala mlango. Anatoa biki na kaye. Ananakili.

Wazazi wengi wanadhani ndivyo serkali inavyotaka. Sivyo. Kwenye karatasi serkali inataka kinyume chake, na ni vizuri wazazi wa jimbo letu walijue jambo hilo, kwani ni wachache waliowahi kuelezwa.

Mwishoni mwa miaka ya 2010, wizara ya elimu ilianza kuleta programu mpya za sayansi katika darasa la saba na la nane, halafu katika sekondari. Kazi ilifanyika ndani ya mradi wa PEQPESU, kwa pesa za Benki ya Dunia. Walimu wanaziita kwa kifupi DAS, maana yake Domaine d'Apprentissage des Sciences. Zamani hisabati ilikuwa na kaye yake, biolojia yake, fizikia yake, na mtoto ndiye aliyebaki na kazi ya kuviunganisha kichwani, kama angeweza. Sasa hisabati, sayansi ya maisha na ardhi, fizikia, tekinolojia na kompyuta vimewekwa katika uwanja mmoja. Na kila somo linaanzia kwenye kitu kinachoitwa "situation": tukio dogo la maisha lenye shida ndani yake, ambayo mwanafunzi hawezi kuitatua bila kujifunza kitu kipya. Programu yenyewe inaandika "mfano wa situation". Ukiitwa mfano, maana yake mwalimu anaweza kuuweka pembeni na kuleta mwingine unaofanana zaidi na maisha ya wanafunzi wake.

Sasa fungua kaye ya mtoto wako wa darasa la saba uone. Neno "Situation" mara nyingi liko pale, limepigiwa mstari kwa rula kama kichwa cha habari. Chini yake kuna ule mfano wa kitabu, neno kwa neno, kwa Kifaransa. Mwalimu aliunakili ubaoni, wanafunzi wakaunakili kutoka ubaoni. Halafu ikaja definisyo, mazoezi mawili, kengele ikalia. Kitu kilichopaswa kufungua somo kimekuwa aya moja zaidi ya kukariri.

Hatuandiki haya ili kuwagonga walimu. Sababu zipo, na tutazifikia. Lakini kwanza tuangalie kile tunachopoteza, kwa sababu watu wakisikia "udadisi wa mtoto" wanafikiri ni anasa ya shule za matajiri, mambo ya michezo na rangi. Hapa Bukavu ni jambo la usalama.

Tuchukue ule mlango.

Katika mteremko wa Funu, komini ya Kadutu, kuna nyumba ambazo milango yake inakataa kufunga. Fundi anakuja, anapunguza mbao kwa randa, mlango unafunga. Baada ya miezi unakataa tena. Ukuta unapasuka kwa mshazari, ngazi ya mbele inaachana na nyumba, mti unainama. Watu wa pale wanajua kwamba udongo unatembea. Wanasayansi nao wamethibitisha: mwaka 2022 jarida la Nature Geoscience lilichapisha utafiti juu ya mporomoko huo wa Funu. Watafiti walilinganisha picha za zamani zilizopigwa kutoka kwenye ndege na vipimo vya satelaiti, mwendo wa miaka kama 70, na wakaona kwamba udongo unaenda haraka zaidi kadiri mji unavyozidi kujengwa juu yake. Shaka kubwa iko juu ya maji: mabomba yanayovuja, maji ya mvua yasiyo na mfereji, maji ya kuoshea yanayomwagwa nyuma ya nyumba. Yote yanazama katika ule udongo mzito wa mfinyanzi ambao mji wetu umekalia.

Dunia nzima ya wataalamu inasoma juu ya Funu. Je, mtoto wa Funu anasoma wapi juu ya Funu?

Na ona ni somo la namna gani. Mlango wa upana wa sentimita 80 na urefu wa mita 2, ukiupima kona kwa kona, unapata karibu sentimita 215, pande zote mbili sawa. Kila seremala wa Bukavu anajua kipimo hicho, hata yule asiyemaliza shule: kona kwa kona zikiwa sawa, fremu iko "équerre". Sasa udongo usukume kichwa cha fremu sentimita 3 tu upande mmoja. Kona moja inakuwa karibu 216 na nusu, nyingine inabaki kama 214. Tofauti ya sentimita 2 na kidogo, na mlango haufungi. Hapo mwanafunzi amekutana na Pitagora, na ametambua kwamba yule fundi wa avenue yao alikuwa anamtumia tangu zamani bila kumtaja jina.

Mlango huohuo unaingia katika fizikia: kwa nini kitu kizito kinakaa juu ya mteremko bila kuteleza, na kwa nini kinateleza maji yakiingia chini yake. Unaingia katika sayansi ya ardhi: mawe ya volkano ya zamani yaliyooza yakawa mfinyanzi, na mfinyanzi unaoshika maji. Unaingia katika historia: nani aliuchora mji huu wakati ulipoitwa Costermansville, kwa watu wangapi, na inakuwaje leo watu zaidi ya milioni moja wanaishi juu ya vilima vilevile. Unaingia katika sivisme: parcelle iligawanywa na nani, kwa karatasi gani, na nani alipaswa kusema hapana. Unaingia hata katika Kifaransa, kwani mwanafunzi anaweza kumwandikia chef wa avenue barua juu ya bomba linalovuja, na barua hiyo ikasomwa na mtu wa kweli badala ya kupewa pointi 6 kwa 10 na kutupwa.

Wanafunzi wa shule moja wakipima kila mwezi upana wa ufa mmoja, ukutani mwa darasa lao wenyewe au mahali pengine pasipo na hatari, wanaandika tarehe na milimita, wakishuka mvua wanaandika mvua. Mwisho wa mwaka wako na jedwali, wako na mchoro, na wako na kitu ambacho komini haina. Rula moja inatosha.

Mnamo tarehe 4 Mei 2023, siku ya Alhamisi, mvua kubwa ilishuka katika milima ya Kalehe. Mito ilileta mawe na matope hadi Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 walikufa. Wengi wa wasomaji wetu wako na ndugu waliozikwa kule. Hatusemi kwamba somo la jografia lingezuia mvua, wala kwamba waliokufa walikuwa wajinga; watu wanajenga pale wanapopata mahali, karibu na soko, karibu na ziwa. Lakini mawe makubwa yaliyokuwa tayari kando ya mito ile, tangu zamani, hayakuja yenyewe. Kuna mtu aliyepaswa kumfundisha mtoto kuuliza: jiwe kubwa kuliko nyumba limefikaje hapa chini, na lililofuata litapitia wapi?

Tutoke kwenye vilima twende sokoni, kwani huko ndiko mahali ambapo shule inashindwa bila hata kujua.

Mtoto anayesaidia mama yake kuuza unga Kadutu au Nyawera anafanya hesabu mchana kutwa. Anapima kwa kopo la Guigoz, anajua Guigoz iliyojaa hadi juu na ile iliyosawazishwa kwa mkono hazina bei moja. Mnunuzi analeta dola, mtoto anajua kiwango cha asubuhi, anajua kimebadilika saa sita, anarudisha franga bila kukosea. Anajua kama gunia la makala (yale ya kupikia, siyo haya unayosoma) linauzwa lote kwa bei hii, na vijifungu vikauzwa kwa bei ile, faida itakuwa ngapi. Mtoto huyohuyo analeta buletini yenye 3 kwa 10 ya hisabati, na nyumbani anaambiwa hana akili ya hesabu.

Jambo hili halipo kwetu peke yetu. Mwaka 1985 watafiti watatu huko Brazil, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walitoa utafiti juu ya watoto wanaouza katika mitaa ya Recife. Walinunua kwao nazi na matunda kama wateja, wakahesabu majibu. Watoto walipata karibu 98 kwa 100. Baadaye waliwapa hesabu zilezile kwenye karatasi, kwa namna ya shule, namba bila nazi. Wakapata kama 37 kwa 100. Watoto walewale, hesabu zilezile. Karatasi ndiyo iliyobadilika.

Lakini tusidanganyane kwa utafiti huo. Haumaanishi kwamba soko linatosha. Mtoto wa sokoni anajua kuzidisha Guigoz 12 kwa bei ya leo, ila hajui kuandika njia yake ili mtu mwingine aifuate, na siku atakapotaka kuhesabu mkopo wa miezi 18 wenye riba, kichwa peke yake hakitoshi. Kazi ya mwalimu ni kuanzia pale mtoto alipo na kumpeleka pale ambapo soko haliwezi kumfikisha. Shida yetu ni kwamba mwalimu anaanzia pale yeye alipo.

Kwa nini basi? Ukiwauliza walimu, wa kwanza watataja wingi. Tangu Septemba 2019, wakati elimu ya msingi ya bure ilipoanza kutumika kweli, watoto waliokuwa nyumbani waliingia shuleni, na hiyo ni furaha. Sheria mama ya nchi iliisha kuiahidi tangu 2006. Lakini kuta hazikuongezeka. Ukiwa na watoto wanne kwa benchi moja, swali la mtoto mmoja linakuwa fujo. Mwalimu anaomba kimya, na njia nyepesi ya kupata kimya ni kuandika ubaoni.

Sababu ya pili ni mtihani, na kwa maoni yetu ndiyo kubwa kuliko ile ya kwanza, ingawa haitajwi sana. Kuanzia mtihani wa mwisho wa msingi hadi Examen d'État, sehemu kubwa ni kuchagua jibu moja kati ya majibu yaliyochapwa. Kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anajua maana ya "kupiga items": kukusanya maswali ya miaka iliyopita na kuyarudia mpaka mkono ujue jibu kabla ya kichwa. Shule inahesabiwa kwa asilimia ya waliofaulu, wazazi wanachagua shule kwa asilimia hiyo, mkuu wa shule analala na kuamka nayo. Programu inasema "anza na maisha", mtihani unasema "toa jibu la 4". Mwalimu mwenye akili timamu atasikiliza nani?

Ya tatu ni lugha. Sheria ya elimu ya taifa ya Februari 2014 inaweka Kifaransa kuwa lugha ya kufundishia, na wakati huohuo inaruhusu lugha za taifa na lugha za mahali zitumiwe kama njia ya kufundisha na kujifunza. Kiswahili ni moja kati ya lugha nne za taifa. Lakini katika shule nyingi za mji, mtoto anayeuliza kwa Kiswahili au kwa Mashi anachekwa, na bado kuna shule ambapo anaadhibiwa. Sasa fikiria: swali la mlango limezaliwa kwa Kiswahili. "Juu ya nini inakataa?" Ili liingie darasani, lazima kwanza livalishwe Kifaransa ambacho mtoto hajakishika. Njiani linakufa. Benki ya Dunia inakadiria kwamba katika Kongo watoto 97 kwa 100 wenye miaka 10 hawawezi kusoma maandishi mafupi na kuyaelewa. Ukimnyima mtoto wa namna hiyo lugha yake wakati wa kuuliza, umebakisha nini? Hakuna anayeomba Kifaransa kiondolewe. Mtihani ni kwa Kifaransa na kazi ni kwa Kifaransa. Dakika kumi za kwanza za somo kwa lugha ya nyumbani hazivunji sheria yoyote.

Mshahara wa mwalimu tunaupita haraka, kwani kila mtu anaujua. Mwalimu anayetafuta chakula cha jioni hatatayarisha somo juu ya Funu.

Kuna jambo moja ambalo miaka hii ya karibuni imetuonyesha waziwazi. Machi 2020 shule zilifungwa juu ya Covid. Mwaka 2021 ukawa mgomo wa walimu. Februari 2025, vita ilipofika mjini Bukavu na AFC/M23 kuingia, masomo yalisimama tena, na kila familia inajua ilivyoishi wiki zile. Mara zote tatu wazazi waliona kitu kilekile nyumbani: mtoto aliyefundishwa kunakili, ubao ukiondoka, anabaki bila kazi. Kaye imefungwa, anasubiri. Mtoto aliyezoea kuuliza na kupima anaendelea hata kama amefungiwa uani. Kwa jimbo ambalo shule zake zinaweza kufungwa asubuhi moja bila mtu kuonywa, huo si ufundi wa pembeni.

Turudi sasa kwa yule mtoto wa sambaza, kwa sababu swali lake ndilo linalounganisha mambo mengi kuliko yote.

Sambaza si samaki wa asili wa ziwa Kivu. Waliletwa na watu kutoka ziwa Tanganyika, kati ya 1958 na 1960. Kabla ya hapo, katikati ya ziwa hili hapakuwa na samaki wa kula vile viumbe vidogo vinavyoelea. Kwa nini samaki wasipande wenyewe kupitia Ruzizi? Jibu liko kaskazini, kwenye volkano za Virunga. Zamani sana maji ya bonde hili yalielekea kaskazini, upande wa Nile. Volkano zikaziba njia, maji yakapanda, mwisho yakapata mlango kusini, hapa kwetu, yakaanguka kuelekea Tanganyika. Kutoka hapa hadi bonde la Uvira ni mashuka makali, na samaki mdogo hapandi maporomoko. Ndiyo sababu mama wa Uvira na mama wa Bukavu wanauza ndugu wawili wenye majina mawili, ndagala na sambaza.

Usiku viumbe vile vidogo vinapanda karibu na uso wa maji, samaki wanavifuata, na taa ya mvuvi inavikusanya vyote mahali pamoja, chini ya mitumbwi mitatu iliyofungwa kwa miti mirefu. Mwezi ukiwa mpevu mwanga umetapakaa kila mahali, taa haina nguvu tena, na wavuvi wengi wanapumzika. Mama anayeuza anajua: siku zile bei inapanda. Mtoto akiandika bei ya kisahani cha sambaza kila siku kwa miezi miwili, na pembeni akachora umbo la mwezi, amefanya biolojia, elimu ya anga, hisabati na ekonomia kwa kutumia kisahani kimoja. Na akijua kwamba ziwa lina kina cha mita karibu 485, lakini hewa ya kupumulia samaki haipiti sana mita 60 za juu, atauliza mwenyewe swali linalofuata: chini ya pale kuna nini? Kuna gesi, metani na gesi kaboni, kwa wingi ambao wataalamu wanaupima kila wakati, ileile metani ambayo ng'ambo, upande wa Rwanda, inatoa umeme.

Na lile swali la maji yasiyoisha? Mvua, mito midogo na chemchemi za chini vinaleta. Jua na Ruzizi vinatoa. Ni kama pipa lenye mabomba mawili, zoezi ambalo limo katika kila kitabu cha hisabati tangu wakati wa mababu, ila halitajwi kamwe kwamba pipa lenyewe liko mbele ya dirisha. Juu ya Ruzizi kuna mitambo ya umeme ya mwaka 1959 na ya 1989. Chupa za plastiki tunazotupa kwenye mifereji zinashuka na mvua, zinaingia ziwani, zinafika kwenye mitambo, zinaiziba. Usiku courant inakatika, na mtoto anakosa mwanga wa kurudia items zake.

Tuseme pia kwamba maisha ya kila siku yanaweza kumpotosha mtoto, na hapo ndipo wapenzi wa "kujifunza kwa maisha" wananyamaza haraka. Radi ni mfano mzuri. Mwaka 2016 watafiti waliotumia vipimo vya miaka 16 vya satelaiti ya NASA walipanga mahali ambapo radi inapiga zaidi duniani. Wa kwanza ni ziwa Maracaibo, Venezuela. Wa pili ni sehemu waliyoipa jina la Kabare, upande wa milima iliyo magharibi ya ziwa letu. Wa pili duniani! Lakini katika vijiji vyetu, mtu akiuawa na radi, wengi wanaanza kutafuta ni nani aliyeituma, na wakati mwingine mzee mmoja anapoteza nyumba au uhai. Hapo uzoefu wa kila siku peke yake unaua mara mbili. Mwalimu anahitajika aseme: tuhesabu. Tangu umeme wa radi uonekane hadi ngurumo isikike, kila sekunde tatu ni karibu kilomita moja. Sekunde tisa, kilomita tatu. Sasa zimekuwa sita. Inakuja kwetu, tutoke chini ya mti. Mtoto aliyehesabu namna hiyo mara tano ataanza kuona radi kama kitu kinachotembea na wingu, na atapata la kumjibu jirani anayemnyooshea mzee kidole.

Vyombo vya kusaidia vipo karibu. Kilomita kama 45 kutoka mjini, huko Lwiro, kuna kituo cha utafiti, CRSN, kilichozaliwa kwa jina la IRSAC mwaka 1947, chenye maktaba na kazi ya kupima matetemeko. Tarehe 3 Februari 2008, Jumapili, udongo ulipotikisika kwa nguvu ya 5.9 hapa na ng'ambo, watu walikimbilia redio kuuliza kimetokea nini, na wengi hawakujua kwamba kuna watu wa nyumbani wanaofanya kazi hiyo. ISP Bukavu inatoa walimu. Chuo Kikuu cha Serkali na vyuo vingine vina vijana wanaoandika mémoire juu ya mifereji, samaki na vilima vya mji huu, na kazi hizo zinalala kwenye rafu. Kurasa mbili za kila mémoire, kwa Kiswahili chepesi, zingempa mwalimu wa Cimpunda au wa Bagira situation kumi kwa mwaka, bila kungoja kitabu kutoka Kinshasa.

Kuhusu mtihani wa taifa, jimbo haliwezi kuubadilisha. Lakini interro za kila wiki na mitihani ya mihula zinatungwa hapa hapa shuleni. Hakuna barua ya wizara inayokataza swali moja kati ya kumi lihusu mlango, mwezi au Guigoz. Na mzazi ambaye jioni amezoea kusema "unauliza sana" ana njia nyingine isiyogharimu franga: "Na mimi sijui, kesho tupime."

Inspekta anapoingia darasani, kitu cha kwanza anachoomba ni fiche ya maandalizi na journal de classe. Anaangalia tarehe, anaangalia kichwa cha somo, anaangalia kama "situation" imeandikwa. Anaweza kuongeza swali moja, na kumpa mwanafunzi wa benchi ya nyuma alijibu: hii situation ya leo imetoka avenue gani?